Anza Pale Reli Ilipokomea

Watu wanaoniomba niwapangie matembezi ya Kasese huwa na swali moja: tupande mlima upi? Nawaambia mlima haukimbii, waanze stesheni. Wengine hudhani natania. Stesheni ya Kasese haijapokea treni ya abiria tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mtu aliyekesha ndani ya basi kutoka Kampala hakuja kuonyeshwa reli zilizoota nyasi. Lakini reli ile ililetwa na mawe ya mlima, na mawe yale yakaenda duniani kwa reli ile. Ukianza na mlima peke yake utarudi na picha za ukungu.

Ushauri wangu wote uko katika jambo moja: tembea kinyume cha mzigo. Mzigo uliteremka kutoka Kilembe, katika milima ya Rwenzori, ukafika Kasese, ukapakiwa mabehewani kwenda Jinja kuyeyushwa, na kutoka Jinja ukaelekea Mombasa kupanda meli. Wewe unatoka huko mzigo ulikokwenda. Kwa hiyo fika stesheni kwanza, panda bonde kufuata mgodi, kisha teremka upande wa maziwa na umalizie Bwera, mahali ambapo biashara ya mawe ya chumvi ilikuwapo kabla Mzungu yeyote hajafikiria reli. Siku tatu zinatosha. Mbili ni kujidanganya.

Stesheni uende asubuhi, saa moja, kabla jua halijakaza. Kasese iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa na joto lake halina huruma. Ikifika saa tano hata mbuzi wamejibanza kwenye kivuli. Ukikuta watu kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, usianze na kamera. Anza na salamu. "Wabukire" ya Kikonzo itakufungulia zaidi ya barua yenye mhuri, ingawa barua nayo uwe nayo kama umekuja na kundi la wanafunzi, maana ardhi ya reli ina mwenyewe: Shirika la Reli la Uganda. Kama kuna mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, mpe kiti na umwache azungumze kwa mpangilio wake mwenyewe. Usimkatize kwa kumuuliza miaka. Miaka tunayo.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Kisumu 1901, Kampala 1931, na ikachukua robo karne nzima kabla ya kufika hapa, 1956. Kipande cha Kampala hadi Kasese peke yake ni kilometa 333, na kutoka baharini hadi hapa ni zaidi ya kilometa 1,600. Ilipita Mityana, ikafika Kamwenge, ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa na kuzunguka Ziwa George upande wa kaskazini, penye vinamasi vya mafunjo. Kujenga tuta la reli kwenye mafunjo ni kazi ya kumwaga udongo na kuutazama ukizama. Hakuna aliyetumia fedha kiasi hicho kwa ajili ya abiria wa Kasese, mji ambao wakati ule ulikuwa haujawa mji. Ilikuwa shaba.

Pale stesheni wape watoto futi ya fundi wapime nafasi kati ya reli mbili, kutoka ubavu wa ndani hadi ubavu wa ndani. Watapata meta moja kamili. Ndiyo maana wazee huiita reli ya meta, na ndiyo maana behewa lililopakiwa hapa liliweza kufika Mombasa bila kuhamishiwa kwenye reli nyingine. Kisha wachuchumae waangalie kiuno cha reli, ile sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako. Viwanda vya chuma vilikuwa na desturi ya kuacha alama zao hapo, herufi zilizoinuka za jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Kutu hufunika, lakini ukipitisha kidole unazihisi, kama mtu anayesoma kwa vidole. Chukua karatasi nyembamba na penseli laini, weka karatasi juu ya herufi na usugue, zinajiandika zenyewe. Ni kumbukumbu bora kuliko picha, na hakuna atakayekudai.

Kwa kitu kingine utadaiwa. Safari moja kijana katika kundi letu aliokota skrubu ya taruma, kubwa kama ndizi, akaitia mfukoni. Njia nzima hii imeliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, na watu wanaoishi karibu nayo wamechoka kushukiwa. Tulimaliza alasiri yote katika ofisi fulani tukieleza kwamba sisi si wezi, huku skrubu ile ikiwa juu ya meza kama ushahidi wa kesi ya mauaji. Acha kila kitu mahali pake.

Kabla hujaondoka mjini, uliza wakuonyeshe upande uliokuwa na lundo la mchanga wa pairaiti. Hili ndilo jambo ambalo vipeperushi vya watalii havilitaji, nami naliona kuwa kubwa kuliko stesheni yenyewe. Mawe ya Kilembe yalikuwa na shaba, lakini pia yalikuwa na chuma, salfa na kobalti. Shaba ilikwenda Jinja. Masalio yenye kobalti yaliwekwa Kasese, mwaka hadi mwaka, yakafika karibu tani milioni moja. Mvua ikinyesha juu ya pairaiti, salfa hugeuka tindikali, na tindikali ile ilitiririka kuelekea hifadhini, upande wa Ziwa George, ikaacha mkanda wa ardhi usioota hata nyasi. Mwaka 1999 kampuni ya kobalti ya Kasese ilianza kulishughulikia lundo hilo kwa bakteria wanaokula madini ya salfa na kuiachia kobalti. Lundo likaisha na kazi ikakoma katika miaka ya 2013 na 2014. Maeneo hayo ni ya watu, usivuke uzio. Simama barabarani, tazama rangi ya udongo: kahawia ya kutu, njano ya haradali. Hiyo ndiyo rangi ya mlima uliopinduliwa ndani nje.

Sasa panda Kilembe. Ni kama kilometa 10 hivi kutoka mjini, bodaboda watakupeleka kwa dakika chache, lakini nakushauri upande kwa bodaboda na kushuka kwa miguu. Bonde la mto Nyamwamba ni jembamba, kuta zake zinakaribiana kadiri unavyopanda, na ukishuka taratibu unaona mji wa mgodi ulivyopangwa kwa cheo: nyumba za wakubwa zikipata nafasi na upepo, za wachimbaji zikiwa safu moja iliyobanana. Wachimbaji walianza kutoa shaba 1956, mwaka ule ule reli ilipofika, chini ya kampuni ya Kanada. Waliondoa karibu tani milioni 16 za mawe kabla ya kazi kusimama 1982. Kati ya tani 100 za mawe, shaba haikufika hata tani mbili. Fanya hesabu hiyo ukiwa umesimama pale, utaelewa kwa nini kuna vilima ambavyo havikuumbwa na Mungu.

Mashimo ya mgodi usiyaingie bila idhini ya wenye mgodi na mtu anayeyajua. Sina haja ya kueleza zaidi.

Darasa bora la jiolojia Kilembe halina ada, nalo ni mto. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaingia hospitali ya Kilembe, ukaua watu. Ulirudia 2014, na tena Mei 2020. Ulipopita uliacha mawe, mengine makubwa kuliko matatu, yaani zile Toyota za abiria. Ni mlima umejileta wenyewe chini ili usiupande. Chagua moja lililooshwa vizuri na ulitazame kwa karibu. Lenye mistari myeupe na myeusi inayopinda kama tumbo la samaki aliyepasuliwa ni mwamba uliopikwa ardhini kwa joto na uzito, ukalainika bila kuyeyuka. Jeusi zito lisilo na mistari lilikuwa, kabla ya kupikwa, la asili ya volkeno ya kale sana. Linalometa juani lina ulanga. Kwaruza kwa ukucha na vipande vyake vitabaki kidoleni kama magamba. Ukiona doa la kijani kibichi, hiyo ni kutu ya shaba. Beba sumaku ndogo, ya spika iliyokufa inatosha: baadhi ya mawe ya mgodi huivuta, kwa sababu madini mojawapo yanayoambatana na shaba ya Kilembe yana usumaku. Nimeona mwanafunzi wa darasa la sita akisahau chakula kwa sababu ya sumaku.

Na hapa ndipo pa kumwambia jirani yako kwamba Rwenzori si volkeno. Watu wengi, hata walimu, huichanganya na Kilimanjaro na Elgon. Milima hiyo ilirundikwa na moto kutoka chini. Rwenzori ni kipande cha sakafu ya kale ya Afrika, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, kilichosukumwa juu kati ya nyufa wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, miaka milioni chache tu iliyopita. Kutoka Kasese, ulio kama meta 1,000 juu ya bahari, hadi kilele cha Margherita chenye meta 5,109, hakuna kilometa 50. Ardhi haijatulia bado. Wazee wa Toro na Bwamba wanakumbuka tetemeko la Machi 1966, na lile la Februari 1994 karibu na Fort Portal. Wakonzo, wenyeji wa mlima, hawakungoja jiolojia kuwaambia kwamba mlima una uhai. Theluji waliiita nzururu, na juu yake wakamjua Kitasamba, mungu wao wa mlima. Ukienda na mwongozaji Mkonzo, msikilize kwanza kuhusu Kitasamba, halafu mzungumze nyufa. Mambo hayo mawili hayagombani kadiri vitabu vinavyodai.

Onyo moja kuhusu bonde hili. Mvua ya Rwenzori hunyesha juu, wewe ukiwa chini kwenye jua. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla au yamebeba matawi, acha mazungumzo, ondoka mtoni. Kwa sababu hiyo miezi ya kuja ni Januari na Februari, au Juni na Julai. Masika ya Machi hadi Mei usije na watoto.

Siku ya pili weka viatu vya kutembelea kando, uchukue gari. Najua nimesema matembezi, lakini njia ya kwenda maziwani inapita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa 1952, na simba wa nyanda za Kasenyi hawajasoma ratiba yako. Nyati ni wabaya zaidi. Bodaboda pia siipendekezi nje ya barabara kuu. Mkichangia gari dogo watu wanne, si ghali. Patana bei kabla ya kupanda na useme wazi kwamba dereva atawasubiri Katwe saa tatu nzima.

Simama kwenye alama ya Ikweta, kusini mwa Kasese, piga picha kama kila mtu, kisha umwombe dereva apitie njia ya mashimo ya volkeno inayoanzia hapo na kutokea Kabatoro, kilometa 27. Ina vumbi na mawe, gari liwe lililoinuka. Mashimo hayo hayana kilele. Moto wa chini ulikutana na maji ya ardhini, mvuke ukapasua ardhi kama sufuria iliyofungwa vibaya, ukatupa majivu na mawe pande zote. Barabara ilipokatwa utaona majivu hayo yamelala tabaka juu ya tabaka, ya kijivu, na ndani yake vipande vya mwamba wa mistari, ndugu wa yale uliyoyaona Nyamwamba. Mlipuko uliving'oa chini na kuvirusha. Ukivitambua bila kuambiwa, siku ya jana haikupotea.

Katwe ndiko ningekaa mwezi mzima. Ziwa la chumvi liko ndani ya shimo moja kati ya hayo, halina mto unaotoka, maji huingia na kuondoka kwa jua peke yake. Harufu ya mayai viza itakupokea kabla hujaliona. Chukua mwongozaji katika kituo cha wageni cha wenyeji. Waongozaji hao ni vijana waliokulia kwenye chumvi, na fedha hubaki mjini. Ufukweni utaona vidimbwi vya mraba vilivyogawanywa kwa kingo za matope na vijiti, kila kimoja kikiwa mali ya familia, kikirithiwa kama shamba. Kiangazi kikikaza, ukoko mweupe huota juu ya maji, wanawake huuvunja, ukazama, wakaukusanya na kuuosha katika maji yale yale ya chumvi. Ndani zaidi wanaume husimama maji yakiwa kiunoni, wakipachua mabamba ya chumvi sakafuni kwa mtaimbo, wakiyapakia juu ya magogo yaliyofungwa pamoja. Tazama miguu yao. Maji yale hukausha ngozi hadi ipasuke, na jeraha dogo huko ni mateso. Ukitaka picha, omba, na ukikubaliwa nunua chumvi. Usitoe pesa kwa picha halafu uache chumvi.

Kila mtawala aliyepita hapa aliitaka chumvi hii. Kabalega wa Bunyoro aliishika. Mpelelezi Stanley alipita 1889, Kapteni Lugard wa Waingereza akajenga boma 1891 akaliita Fort George. Na juu ya ufuko kuna magofu ya kiwanda cha miaka ya 1970, kilichonuiwa kuwapumzisha wale wanawake na vidimbwi vyao. Chumvi ilikula mabomba. Kiwanda kikafa na vidimbwi vikaendelea. Mimi hupeleka kila kundi hapo kabla ya chakula cha mchana na kuwauliza kwa nini mabomba yalioza. Majibu yao hunieleza nani alikuwa akisikiliza.

Siku ya tatu, Bwera. Kutoka mji wa Kikorongo barabara inakata magharibi, mlima ukiwa kuliani na uwanda wa Ziwa Edward kushotoni, chini ya kilometa 40 hadi Mpondwe, mpakani na Kongo. Njia ya chumvi ilielekea huku zamani, mizigo ikiwa kichwani, kwa Wanande ng'ambo ya pili ambao lugha yao na Kikonzo ni kama mtu na mdogo wake. Hakuna stesheni ya kuona. Kuna soko. Panga uwepo siku ya soko, uulize Kasese ni siku gani kabla ya kuondoka. Mawese, vitenge, maharage, samaki wakavu, kahawa. Na Kiswahili, hatimaye, kila mahali, chenye ladha ya Beni na Butembo za ng'ambo. Utaambiwa "iko mzuri sana", na usijitie mwalimu wa sarufi. Wao ndio wanaoitumia lugha hii kula.

Tembea kwa miguu kutoka Bwera mjini kushuka hadi mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka. Tazama mawe yake utakapopata nafasi ya halali ya kuukaribia: ni mlima ule ule, umeshuka upande mwingine. Lakini hapa kuna masharti. Beba kitambulisho chako halisi, si nakala. Usielekeze kamera kwa askari, daraja wala ofisi za forodha. Eneo hili lilipata msiba mzito Juni 2023, waasi walipovamia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua wanafunzi. Watu hawajasahau, na mgeni anayezunguka akiandika daftarini huulizwa maswali. Jieleze polepole. Kabla ya kutoka Kasese uliza hali ya usalama polisi au kwa watu wa basi wa asubuhi hiyo, na kama wanasita, baki. Usivuke kwenda Kasindi, upande wa Kongo, kwa kubahatisha eti ni hatua mia tu.

Kwenye michoro ya reli mpya ya SGR ya Uganda, tawi la magharibi linafika Mpondwe. Wafanyabiashara wa soko wanalijua hilo kuliko mimi na wanalisema huku wakicheka, kwa sababu wanaijua pia ile ya Kasese. Ukimpata mwenye muda, mwulize angepakia nini kwenye behewa la kwanza. Mama mmoja muuza mawese aliniambia hatapakia kitu. Atapanda yeye mwenyewe, aende kuona bahari, arudi.

Mfukoni: kofia, maji lita mbili kwa mtu, siki kidogo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Siki ni kwa ajili ya Hima, ukirudi kwa njia ya Fort Portal: dondosha tone juu ya jiwe la chokaa la kando ya barabara karibu na kiwanda cha saruji, lisikilize likichemka. Nyundo acha nyumbani. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvunja wala kuchukua jiwe, na nje ya hifadhi jiwe lina mwenye shamba.

Chumvi ya Katwe ifunge kwa nailoni mbili, tena mbali na simu. Yangu niliifunga kwa gazeti. Ilipofika Kampala gazeti lilikuwa limelowa, na bonge lile bado liko kwenye rafu jikoni, hutoa jasho siku mbili kabla ya mvua, nami huanua nguo.